Mgeni wa Kwanza Alikuwa na Miaka 3: Kisa cha Kimlango cha Kumamoto

Mei 10, 2007, saa sita mchana, hospitali moja ya wazazi mjini Kumamoto, katika kisiwa cha Kyushu kusini mwa Japani, ilifungua kimlango kidogo kwenye ukuta wake. Hospitali hiyo inaitwa Jikei. Nyuma ya kimlango waliweka kitanda cha kumtosha kichanga, kikiwa kimepashwa joto la nyuzi 36. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza: mwanamke aliyejifungua peke yake na asiyejua la kufanya aje amlaze mtoto pale, afunge, aende zake. Hakuna wa kumuuliza jina, hakuna polisi wa kumvizia kwenye kona.

Saa chache baadaye kengele ililia, wauguzi wakatimua mbio. Waliyemkuta hakuwa kichanga. Alikuwa mvulana wa kama miaka 3, anatembea na kuongea, kaachwa kwenye kitanda ambacho hakikupimwa kwa ajili yake.

Habari ilipotoka, waliokuwa wakipinga tangu mwanzo walipata la kusema: si tuliwaambia? Toboeni ukuta, watu watapitisha humo kila kinachowashinda. Hoja hiyo haikosi mantiki, lakini kuna jambo inalipita. Yule mtu mzima aliyemleta mtoto alikuwa na ofisi za ustawi wa watoto katika kila mkoa wa Japani, na zote zingempokea mvulana yule. Hakwenda huko. Alikwenda pasipo na maswali. Kwa hiyo siku ya kwanza tu kimlango kilikuwa kimeshatoa fumbo ambalo Kumamoto imehangaika nalo kwa miaka 18 iliyofuata: mtu anayekimbia maswali unamsaidiaje, bila kumwacha mtoto akue na maswali yasiyo na wa kuyajibu?

Kibali cha kutoboa ukuta

Mwenye wazo alikuwa Hasuda Taiji, daktari wa wanawake aliyeiongoza hospitali hiyo. Mwaka 2004 alisafiri hadi Ujerumani kuona vidirisha vya aina hii. Kule, shirika la SterniPark lilifungua cha kwanza mjini Hamburg mwaka 2000, na miji mingine ikaiga. Aliona, akarudi nyumbani, na kwa muda hakuna kilichofanyika. Kisha mwaka 2005 na 2006 vikatokea visa vya vichanga kutupwa katika mkoa wake mwenyewe. Hapo akashindwa kukaa kimya.

Jikei ni hospitali yenye asili ya Kikatoliki, na asili hiyo ina uzito wake hapa. Mwaka 1898 masista wa Kifransisko walifika Kumamoto kuwahudumia wagonjwa wa ukoma, watu waliofukuzwa makwao wakawa wanaomba sadaka kandokando ya hekalu la mji. Zahanati iliyozaliwa na kazi ile ndiyo mzizi wa hospitali ya leo. Kumpokea mtu ambaye ndugu zake hawataki hata atajwe, kwa hiyo, halikuwa jambo geni katika nyumba hiyo.

Desemba 2006 Hasuda aliomba kibali, na hapa kuna kichekesho. Japani haikuwa na sheria yoyote ya kimlango cha vichanga, hivyo kilichoombwa kisheria kilikuwa ruhusa ya kubadilisha jengo la hospitali, kama vile mtu anavyoomba kuongeza wodi au kuhamisha ngazi. Mji uliiuliza wizara ya afya. Wizara ikajibu kuwa haioni sheria inayovunjwa kwa kufanya hivyo. Kuhusu kosa la kumtelekeza mtoto, tafsiri iliyotumika ni kuwa kumweka mahali salama, ndani ya hospitali yenye wauguzi, si moja kwa moja kumtupa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Shinzo Abe, alisema hadharani kuwa jambo lile linamkwaza sana. Lakini hakulizuia, wala serikali yake haikulitungia sheria.

Mzigo ukabaki mezani kwa meya, Koyama Seishi. Aprili 5, 2007 aliidhinisha kwa masharti: usalama wa mtoto uhakikishwe, huduma ya ushauri iwepo, na hospitali ishirikiane na mamlaka. Nalisifu faili la meya huyu kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusoma juu ya haki za mtoto. Angeweza kulirudisha kwa kisingizio cha kusubiri mwongozo kutoka juu, na hakuna ambaye angemlaumu. Hadi leo naandika, sheria ya nchi kuhusu kimlango haijatungwa.

Mama anapofika

Kimlango kina picha ya korongo, ndege ambaye kwa hadithi za Ulaya ndiye huwaletea watu watoto. Jina lake rasmi ukilileta kwa Kiswahili ni Susu ya Korongo. Magazeti yaliona jina hilo refu, yakaja na lao, Posti ya Watoto, kana kwamba mtoto ni barua iliyotumbukizwa sandukuni. Jina la magazeti ndilo lililoshika. Januari 2014 tamthilia moja ya runinga ilimwonyesha mtoto wa kituo cha malezi ambaye wenzake walimpa jina la utani la Posti, kwa sababu aliachwa kwenye kimlango kama hicho. Hospitali ililalamika kwamba wapo watoto halisi nchini wanaoangalia runinga na wanaojua walikotoka, na wadhamini wakaondoa matangazo yao. Sisi huku tunalielewa hilo bila kufafanuliwa. Mtoto aliyeokotwa jalalani anaweza kubatizwa jina zuri kuliko yote, na bado tukio likamfuata mpaka darasani.

Pembeni ya kimlango kuna kengele ya kuzungumza na wauguzi, na maandishi yanayomsihi aliyefika azungumze nao kwanza kabla ya kufungua. Akiamua kufungua, anakuta barua iliyoandikiwa baba na mama. Halafu ndiyo kitanda. Akishamlaza mtoto na kufunga, mlango unajikaza wenyewe na hauwezi kufunguliwa tena kutoka nje. Umetengenezwa hivyo ili mpita njia asije akamchukua mtoto. Lakini humaanisha pia kuwa mama aliyebadili mawazo baada ya sekunde kumi anabaki nje, mkono kwenye mlango uliokwisha kufungwa, na njia pekee iliyobaki ni kubonyeza ile kengele.

Ndani, king'ora kinalia na wauguzi wanakimbia. Kazi ya kwanza ni mtoto: anapumua? ana baridi? kitovu kimefungwa na nini? Pia kuna wanaotoka nje haraka kumtafuta aliyemleta. Hawendi kumkamata. Wanamwomba tu akae kidogo, anywe maji, aseme lolote analoweza kusema. Wengi wamekubali. Jambo hili watu wengi hawalijui. Wanadhani kimlango ni sanduku lisilo na mtu, kumbe mara nyingi limeishia kwenye mazungumzo ya watu wawili kando ya ukuta.

Baada ya hapo hospitali hutoa taarifa polisi na kwenye kituo cha ustawi wa watoto cha mji. Na hapa pana ufa uliokuwepo tangu siku ya kwanza. Hospitali imemuahidi mama siri. Kituo cha ustawi kina wajibu wa kumtafuta, kwa sababu mtoto ni wake na huenda babu au shangazi yupo anayeweza kumlea. Mkono mmoja unafunga pazia, mwingine unachungulia.

Hesabu

Kuanzia Mei 2007 hadi Machi 2008 waliachwa watoto 17. Mwaka uliofuata 25, na hiyo ndiyo idadi ya juu kuliko miaka yote. Kisha 15, kisha 18, halafu ikashuka ghafla hadi 8. Miaka kumi ilipotimia, Machi 2017, jumla ilikuwa 130. Machi 2024 walikuwa 179, na mwaka uliofuata wakaongezeka 14.

Waliosema kimlango kitafundisha watu kutupa watoto walitabiri mafuriko. Mafuriko hayakuja. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 120, ambayo hadi Machi 2025 ilikuwa na kimlango kimoja tu cha namna hii hospitalini, na miaka mingi hawafiki hata kumi. Hoja ya kuchochea uzembe naiweka kando, haikujithibitisha.

Hoja nyingine mbili siwezi kuziweka kando, na kamati ya tathmini iliyokuwa ikikipitia kisa hiki kila baada ya miaka michache haikuziweka kando pia. Ya kwanza inatokana na walikotoka wazazi. Wa mkoa wa Kumamoto wenyewe walikuwa wachache mno. Waliobaki walitoka mikoa mingine ya Kyushu, upande wa Osaka, hata eneo la Tokyo, karibu kilomita 900 kwa mstari ulionyooka. Na karibu nusu ya wale watoto 130 walizaliwa nyumbani, bila mkunga wala daktari.

Zidisha mambo hayo mawili uone yanazaa nini. Msichana anajifungua bafuni huku maji yakifunguliwa ili mlio usisikike chumba cha pili. Anakata kitovu kwa mkasi wa kawaida. Anamfunga mtoto kwa taulo, anamtia kwenye begi au anamkumbatia ndani ya koti, anaelekea stesheni huku damu bado inatoka. Tangu Machi 2011 treni ya mwendokasi inafika Kumamoto moja kwa moja kutoka Osaka. Anakaa saa kadhaa kwenye kiti, kama abiria mwingine yeyote. Mtoto wa siku moja anaweza kufa kwa baridi safarini, na mama anaweza kutokwa damu hadi akazimia kabla ya kufika. Kamati iliuliza, na ilikuwa haki kuuliza: je, kuwepo kwa kimlango kunamfanya mama aahirishe kutafuta msaada akijiambia, nitajifungua mwenyewe kisha nitampeleka kule? Oktoba 2014 kilichokutwa kitandani kilikuwa maiti ya kichanga. Mama alikamatwa.

Kwa nini wanakuja? Ripoti zinataja umaskini, mimba nje ya ndoa, wanafunzi, wazazi wasiojua lolote. Na zinataja macho ya watu, ambayo Wajapani wana neno lake mahususi, sekentei. Anayejua maana ya kuulizwa na majirani "hiyo mimba ya nani?" hahitaji tafsiri.

Daftari

Hoja ya pili ni jina, na hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito.

Kila Mjapani yumo kwenye daftari la familia linaloitwa koseki. Humo ndimo kuzaliwa, kuoa, kuachana na kufa kwake huandikwa. Mtoto asiye na baba wa kisheria huingia kwenye daftari la mama yake, na mama akija kuolewa siku moja, au akihitaji nakala kwa shughuli yoyote, mstari ule upo pale unasomeka. Ndiyo maana mwanamke anaweza kuwa na hospitali nzuri mtaa wa pili na bado asikanyage. Anachokiogopa ni karatasi.

Mtoto asiyejulikana wazazi naye sheria imempangia nafasi. Meya wa mahali alipookotwa humpa jina la kwanza na la ukoo, na kumfungulia daftari lake mwenyewe. Kati ya watoto 130 wa miaka kumi ya kwanza, 26 hawakutambulika kabisa wametoka kwa nani. Fikiria mtu mzima anayefungua ukurasa wa kwanza wa maisha yake na kukuta umeanzia ofisini kwa meya. Hakuna bibi, hakuna kijiji, hakuna hata tarehe ya kuzaliwa isiyo ya kukisia.

Yule mvulana wa siku ya kwanza alipata familia ya malezi. Walimlea pamoja na watoto wengine waliohitaji nyumba, na mwaka 2022, akiwa na miaka 18, alijitokeza hadharani mwenyewe akaeleza kuwa ndiye yeye. Kufikia hapo alikuwa ameshajua kwamba mama yake mzazi alifariki kwa ajali ya barabarani yeye akiwa bado mtoto wa miezi. Anakishukuru kimlango kwa maisha aliyoyapata, na anashikilia kuwa kujua habari za mama yake nako kulikuwa muhimu kwake. Nimeona watu wakimnukuu nusu, kila upande nusu yake. Wanaokitetea wanabeba shukrani, wanaokipinga wanabeba ile hamu ya kujua. Yeye amesema yote mawili, na sioni kwa nini tumchagulie.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ibara ya 7, unampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo inamtambulia haki ya jina, uraia, na kuwajua wazazi wake wa damu. Ujerumani, ambako Hasuda alichukua wazo, ilianza kusita mapema: mwaka 2009 Baraza la Maadili la nchi hiyo lilipendekeza vidirisha hivyo viachwe, hasa kwa sababu hii ya asili ya mtoto. Havikufungwa, ila Mei 2014 ilianza kutumika sheria ya uzazi wa siri. Mama anajifungulia hospitalini kwa jina la bandia, mshauri mmoja tu anamjua, na jina lake halisi linafungiwa kwenye bahasha inayotunzwa na ofisi ya serikali. Mtoto akifika miaka 16 anaweza kuomba kuiona.

Simu 6,565 na watoto 5

Kwenye masharti ya meya, lile la huduma ya ushauri lilionekana la kujazia karatasi. Hospitali ikaweka simu ya bure inayopokelewa saa 24. Katika mwaka ulioishia Machi 2017 waliachwa kwenye kimlango watoto 5, idadi ya chini kabisa hadi wakati huo. Mwaka huohuo simu ya ushauri ilipokea maombi 6,565.

Tarakimu hizo mbili zingetosha kubadilisha mjadala wote. Waandishi walikuwa wakipiga picha kimlango, wabunge wakibishania kimlango, tamthilia ikatungwa juu ya kimlango, na muda wote huo kazi kubwa ilikuwa kwenye meza yenye simu. Maelfu wakipiga, kutoka kila kona ya nchi: wanafunzi waliochelewa kuona siku zao, mke aliyebeba mimba isiyo ya mumewe, na mwingine ambaye uchungu ulikuwa umeshaanza naye yuko peke yake chooni. Wengine walielekezwa hospitali za jirani nao, wengine waliunganishwa na familia za kuasili kabla mtoto hajazaliwa, wengine walimwambia mama yao hatimaye na ikawa mama yao hakuwaua. Kimlango ndicho kilichowafanya waijue namba, hilo nalikubali. Tangazo la simu ya ushauri peke yake lisingefika mbali hivyo.

Lakini kuna ambao hata simu haikuwafikia. Novemba 2020, katika mkoa huohuo wa Kumamoto, msichana kutoka Vietnam aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la machungwa chini ya mpango wa mafunzo ya kazi alijifungua pacha waliokufa, peke yake chumbani. Alikuwa ameficha mimba akiogopa kurudishwa kwao, na deni la kuja Japani lilikuwa bado shingoni. Aliwafunga kwa taulo, akawaweka kwenye boksi pamoja na barua yenye majina aliyowapa na maneno ya kuwaomba radhi, akaliweka boksi juu ya rafu. Alishtakiwa kwa kutelekeza maiti. Mahakama ya kwanza ilimtia hatiani, ya rufaa ikapunguza adhabu, na Machi 24, 2023 Mahakama ya Juu ikamwachia huru kabisa. Hasuda Takeshi, mtoto wa yule daktari na mkuu wa hospitali baada yake, alikuwa miongoni mwa waliosimama upande wake.

Nilipolisoma lile la boksi kwenye rafu niliwakumbuka dada zetu waliokwenda kufanya kazi za ndani Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako mimba isiyo na ndoa ni kesi. Picha ya korongo ukutani isingemsaidia yeyote kati yao. Wanachohitaji ni mtu wa kuongea naye kwa lugha yao kabla tumbo halijaonekana, na ambaye hataanza kwa kuuliza pasipoti.

Bahasha kwenye sefu

Desemba 2019 Jikei ilitangaza kuwa itafanya kama Wajerumani: mama ajifungulie hospitalini, jina lake lijulikane na mtumishi mmoja tu, karatasi zake zitunzwe kwa ajili ya mtoto. Tofauti ni kwamba Ujerumani ilikuwa na sheria, Kumamoto ilikuwa na daktari mwenye msimamo. Mji uliwaomba wasifanye, ukiona huenda ni kuvunja sheria. Wasiwasi wao haukuwa wa kubuni. Daktari anayemjua mama wa mtoto, kisha akajaza fomu ya kuzaliwa nafasi ya mama ikabaki wazi, anaweza kujikuta mahakamani kwa kuandika nyaraka za uongo.

Desemba 2021 akafika wa kwanza, msichana wa chini ya miaka 20 kutoka magharibi mwa Japani, asiyetaka kwa hali yoyote familia yake ijue. Alimwonyesha mtumishi mmoja vitambulisho vyake, vikatolewa nakala, nakala zikafungiwa kwenye sefu ya hospitali. Akajifungua salama, na wakunga wakiwepo. Hospitali badala ya kuficha ikaenda kuuliza mamlaka: tumefanya hivi, tumwandikishe vipi mtoto? Jibu likawa kwamba meya anaweza kumfungulia daftari kwa mamlaka yake, bila hospitali kujaza fomu. Inafanana na ile nafasi ya watoto waliookotwa, safari hii ikimtumikia mtoto ambaye mama yake anajulikana, ila yuko ndani ya sefu. Septemba 2022 serikali kuu ikatoa mwongozo. Mwongozo tu, si sheria, miaka 15 baada ya kimlango kufunguliwa.

Naamini hatua hii ilikuwa kubwa kuliko kimlango chenyewe. Kimlango kiliahidi kutouliza lolote, na ahadi ile iliokoa watoto, lakini gharama yake wakailipa wao na si aliyeahidi. Bahasha inauliza swali moja, inamuuliza mama akiwa kitandani na si mbioni, na jibu hapewi mwingine ila mtoto. Mama anapata wakunga na daktari, mtoto anapata kitu cha kuja kusoma. Wapo wanaosema kuwa bahasha ikishakuwepo kimlango kifungwe. Sikubaliani nao. Hata baada ya 2021 watoto wameendelea kuachwa pale, na msichana ambaye hawezi kumtajia hata mtu mmoja jina lake ataendelea kuwepo. Huyo naye mwanawe ana haki ya kitanda chenye joto.

Hasuda Taiji alifariki Oktoba 2020, akiwa na miaka 84, kabla ya bahasha ya kwanza. Machi 31, 2025 hospitali ya San'ikukai katika kata ya Sumida, Tokyo, ilifungua mahali pake pa kupokea vichanga wasiozidi wiki 4, ikaanza na uzazi wa siri papo hapo. Msichana wa Tokyo sasa anaweza kufika kwa treni ya mjini.

Yule mtoto wa Desemba 2021 angali mdogo. Ujerumani angejua kwamba bahasha itamsubiri hadi afikishe miaka 16. Japani hakuna sheria inayotaja umri, wala inayosema nani amwonyeshe, wala itakuwaje mama akiomba karatasi zisionyeshwe kamwe. Nakala za vitambulisho bado zimo kwenye sefu ya hospitali, mjini Kumamoto.